Barua ya wazi kwa wakubwa wa Tokyo na Beijing: mmefunga mafaili mawili kwa kamba moja

KWENU:
Mheshimiwa Waziri Mkuu wa Japan, Tokyo
Mheshimiwa Rais wa Jamhuri ya Watu wa China, Beijing

YAH: VISIWA VISIVYO NA WATU, WAFU WASIOPUMZIKA, NA SAFARI YETU ILIYOFUTWA

Waheshimiwa, shikamooni.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni Mtanzania, nimesoma Nanjing miaka minne na sasa huu mwaka wa saba niko Yokohama, napiga kazi kwenye yadi ya magari yaliyotumika, yale yanayopakiwa melini kwenda Dar na Mombasa. Yaani elimu nimeipata kwa mmoja wenu na mkate naula kwa mwingine, na kote nimepokelewa vizuri, kwa hiyo nikisema hapa msinichukulie kama mpita njia aliyechungulia ugomvi dirishani.

Kilichonifanya niandike hadharani ni hiki. Tuna kikundi chetu kidogo, Wajapan, Wachina na sisi Waafrika wachache, tulipanga kupeleka vijana 12 wa sekondari kutoka huku Yokohama waende Nanjing wiki moja, halafu wa Nanjing nao waje huku. Nusu ya nauli tulishalipa. Novemba 7, 2025 Waziri Mkuu akasema bungeni kwamba China ikiivamia Taiwan kijeshi inaweza kuwa hali ya kutishia uhai wa Japan, wiki moja baadaye Beijing ikawaambia raia wake wasisafiri kwenda Japan, na safari yetu ikafia hapo hapo. Niliandika barua ofisi moja ya huku na nyingine ya kule. Ya huku ilinijibu mistari miwili kwamba suala langu limepokelewa, ya kule kimya, nikapiga simu nikaambiwa niandike upya, nikaandika upya, kimya tena. Basi.

Kabla ya hoja, lile swali najua lipo: we Mswahili haya yanakuhusu nini? Waheshimiwa, kama mna balozi Dar mwambieni asimame pale makutano ya TAZARA. Kituo cha reli waliyotujengea Wachina miaka ya 70 kiko pale, na juu ya makutano hayo hayo linapita daraja la Mfugale lililojengwa kwa msaada wa Japan na kufunguliwa 2018. Daladala zinapita hapo kutwa na hakuna konda anayeuliza nani alianza kumchokoza nani 1931. Nyie mnaweza kukaa pamoja kwenye makutano ya watu wengine, ila kwenu hamuwezi.

Hoja zangu ziko sita.

1. Nanjing, na ile tabia ya kubishania idadi

Desemba yangu ya kwanza Nanjing nilikuwa ndani ya basi, tarehe 13, saa nne asubuhi na dakika moja. King'ora kikalia mji mzima. Dereva akasimamisha gari katikati ya barabara, magari yote yakasimama, yakaanza kupiga honi kwa pamoja, na bibi mmoja aliyekaa pembeni yangu akaliweka chini fuko lake la machungwa, taratibu, kama anaweka mtoto aliyelala, akakunja mikono. Sikujua kinachoendelea. Nilipomuuliza mwenzangu darasani ndio akanieleza kwamba siku hiyo mwaka 1937 jeshi la Japan liliingia mjini, na kwa wiki kama sita likaua mateka na raia, likabaka, likachoma nyumba. Tangu 2014 ni siku ya maombolezo ya taifa zima.

Sasa nimehamia huku, nakutana na watu wazima, wasomi, wanakwambia ah ile namba ya China, 300,000, imetiwa chumvi. Sawa. Mahakama ya kijeshi ya Tokyo, ile ya baada ya vita, ilisema zaidi ya 200,000, na wapo wanahistoria wa Japan wanaosema makumi ya maelfu. Mheshimiwa Waziri Mkuu, hebu tuchukue hata moja ya zile za chini. Ukisimama kwenye shimo lenye watu 40,000 utaanza kuhesabu mmoja mmoja ili ujue kama inatosha kusikitika? Wizara yenu ya mambo ya nje yenyewe imeandika kwamba mauaji ya raia na uporaji haviwezi kukanushwa, idadi ndio ngumu kujua. Basi semeni hivyo hivyo kwa sauti, madarasani, bila kuuma maneno. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, na huyu hata kovu lenyewe kila baada ya miaka miwili mitatu kuna mwanasiasa wenu analikwangua.

Na Beijing nanyi, hiyo namba mmeichonga ukutani na sasa haiguswi, mtafiti wa kwenu akipata hesabu tofauti anaogopa hata kuitamka. Hiyo sio kuwaheshimu wafu.

2. "Tulishaomba radhi"

Mzee mwenye nyumba ninayopanga ana miaka zaidi ya 80. Mei 29, 1945 alikuwa mtoto mdogo mgongoni kwa mama yake siku ndege za Marekani zilipoiunguza Yokohama. Aliniuliza siku moja, tunakunywa chai, hivi tuombe radhi mpaka lini? Sikuwa na jibu la haraka, maana yeye hajaua mtu, na mji wake nao uliungua. Ni mtu mwema sana yule mzee, nikiumwa ananiletea uji.

Ila nikakaa nikafikiria. Agosti 15, 1995 Waziri Mkuu Murayama alisimama akasema wazi kwamba Japan ilitawala kwa mabavu, ilivamia, ilisababisha mateso, na anaomba radhi kutoka moyoni. Yale maneno yalikuwa mazuri, mtu ungeweza kuyashika. Tatizo ni yanayofuata baada ya maneno. Oktoba 1978 hekalu la Yasukuni liliingiza kimya kimya majina ya wahalifu wa kivita 14 wa daraja la juu kabisa waabudiwe pamoja na askari wengine, halafu mawaziri wakuu wanakwenda pale, Koizumi alikwenda kila mwaka kuanzia 2001 hadi 2006, Abe Desemba 2013. Mfalme wenu mwenyewe Hirohito mara ya mwisho alikwenda 1975, na tangu wale 14 waingizwe hakuna mfalme aliyekanyaga pale. Mfalme aliona aibu, waziri anaona nini?

Kwetu mtu akija msibani kutoa pole halafu jioni akaonekana anakunywa na aliyeua, ile pole inahesabika haikutolewa. Mzee wangu hatakiwi kuomba radhi tena. Kinachotakiwa ni mawaziri kuacha kwenda Yasukuni.

3. "Yote yaliisha 1972"

Hili nalisikia sana upande wa Tokyo. Kweli Septemba 29, 1972 mawaziri wakuu Tanaka Kakuei wa Japan na Zhou Enlai wa China walisaini tamko la pamoja, China ikasema haidai fidia ya vita. Na Aprili 27, 2007 mahakama ya juu ya Japan ikasema kwa tamko hilo hata mtu binafsi hawezi tena kudai mahakamani. Kisheria mmefunga faili.

Lakini Agosti 4, 2003, mjini Qiqihar kule kaskazini mashariki, mafundi wanachimba kiwanja wakakuta mapipa matano ya chuma. Wakayauza vyuma chakavu, kama ambavyo angeuza mtu yeyote hata wa Tandale. Ndani kulikuwa na gesi ya haradali ya jeshi la Japan, imelala ardhini karibu miaka 60. Mmoja akafa, zaidi ya 40 wakaungua ngozi na mapafu. Hao wakati wa vita walikuwa hata wameshazaliwa? Na huko Haerbaling, mkoani Jilin, mpaka leo kazi ya kuziteketeza silaha zilizofukiwa inaendelea. Japan inalipa na inafanya, natoa pongezi kabisa, ila mwendo ni wa kinyonga na ahadi za kumaliza zimesogezwa mara kadhaa. Sasa jambo ambalo bado linachimbuliwa na sululu mtalisemaje limekwisha?

4. "Ni hasira za wananchi"

Hapa nageukia Beijing, na nisamehewe nikiwa mkali, maana nimeishi kwenu na nawapenda.

Septemba 2012, baada ya Tokyo kununua baadhi ya vile visiwa mnavyogombania (navifikia hoja ya tano), kule Xi'an baba mmoja alikuwa anaendesha Corolla yake na mkewe. Corolla! Gari ambalo Dar kila ukoo umepitia. Waandamanaji wakalizingira, kijana wa miaka 21 akampiga yule baba kichwani na kufuli la chuma la baiskeli, akapooza upande mmoja. Mchina kwa Mchina, kisa nembo ya gari alilolinunua kwa jasho lake. Aliyepiga alifungwa miaka 10, lakini aliyemfundisha kwamba kuchukia Japan ni uzalendo hakufungwa.

Juni 2024, Suzhou, mwanaume mwenye kisu akamvamia mama wa Kijapan na mtoto wake kituo cha basi la shule, na mhudumu wa basi, mama wa Kichina, akajiweka katikati akafa yeye. Ubalozi wa Japan Beijing ulishusha bendera nusu mlingoti kwa ajili yake. Miezi mitatu mbele, Shenzhen, mtoto wa Kijapan wa miaka 10 akachomwa kisu akienda shule, kesho yake akafariki. Tarehe ilikuwa Septemba 18. Kila Mchina anajua Septemba 18 ni nini, ni usiku wa 1931 wanajeshi wa Japan walipolipua reli yao wenyewe karibu na Mukden wakasingizia Wachina ili wapate sababu ya kuimeza Manchuria, yaani kaskazini mashariki yote ya China.

Mkasema ni tukio la mtu mmoja mmoja, linaweza kutokea nchi yoyote. Waheshimiwa, serikali inayoweza kuzima posti kabla mtu hajamaliza kuisoma haiwezi kuniambia haina uwezo juu ya chuki inayozagaa mtandaoni. Chuki hiyo ni kama bomba, linafunguliwa mkiwa na shida na Tokyo na linafungwa mkiwa mnataka biashara. 2023 Japan ilipoanza kumwaga baharini yale maji yaliyochujwa ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, watu wakawa wanapiga simu kutoka China kutukana migahawa na shule za Japan, watu ambao maji hawajawahi hata kuyaona.

Na mbona hamsimulii ile nyingine? 1945 Wajapan walipokimbia Manchuria waliacha watoto maelfu, na akina mama wa Kichina, ambao wameshaonja vita na hawana hata unga wa kutosha, wakawachukua watoto wa adui wakawalea kama wao. Kuanzia 1981 watoto hao, sasa watu wazima, wakaanza kuja Japan kutafuta ndugu. Mimi nikiwa kiongozi wa China hiyo ndio ningeitangaza kila siku, maana hakuna ushindi mkubwa kuliko huo. Na mseme pia kwamba kuanzia 1979 hadi 2022 Japan iliwapa mikopo nafuu na misaada ya zaidi ya yeni trilioni 3.6, haikuitwa fidia lakini viwanja vya ndege na reli vilijengwa. Kijana wa Nanjing niliyesoma naye alikuwa hajui kabisa, alidhani namtania.

5. Vile visiwa

Nitaviita "vile visiwa", maana nikisema Senkaku Beijing itachana barua na nikisema Diaoyu itachana Tokyo. Vitano, na miamba mitatu. Kikubwa hakifiki hata kilomita 4 za mraba. Kutoka Ishigaki ni kama kilomita 170, kutoka Taiwan vivyo hivyo, bara la China kama 330. Hakuna anayeishi. Kulikuwa na kiwanda cha kukausha samaki cha familia ya Koga, watu zaidi ya 200 walikaa, wakahama mwanzoni mwa miaka ya 40.

Huu ni mgogoro wa kiwanja, wala msiuvike joho. Tokyo inasema tulikagua tukakuta hakina mtu, baraza la mawaziri likaamua kuweka bikoni Januari 14, 1895. Sawa, lakini siku hiyo mlikuwa katikati ya vita na huyo jirani na mnashinda, na Aprili 17 mkamsainisha mkataba wa Shimonoseki akatoa Taiwan. Mtu anayepima kiwanja huku jirani yake amelala chini anavuja damu asishangae wajukuu wakija kuuliza. Beijing nayo inasema ni chetu tangu enzi za Ming. Sawa, lakini mlikaa kimya miaka 76, mkaja kudai rasmi Desemba 1971, baada ya ripoti ya watafiti wa Umoja wa Mataifa kusema chini ya ile bahari huenda kuna mafuta. Baraza la ardhi la kata lingewatimua wote kwanza mkatulie.

1978 Deng Xiaoping wa China alikuja Tokyo akasema kizazi chetu hakina busara ya kutosha kwa jambo hili, tuwaachie wanaokuja, watakuwa na busara zaidi. Kizazi hicho ndio nyie. Na mmefanya nini? 2010 mashua ya uvuvi ya China ikagongana na meli za walinzi wa pwani wa Japan, nahodha akakamatwa, madini adimu yakaacha kwenda Japan. Septemba 2012 serikali ya Japan ikanunua vitatu kutoka kwa familia iliyovimiliki kwa yeni bilioni 2.05, eti kuzuia Gavana wa Tokyo, Ishihara, asivinunue na kuharibu zaidi. Sasa meli za walinzi wa pwani wa China ziko pale karibu kila siku ya mwaka, na tangu Februari 2021 wana sheria inayowaruhusu kutumia silaha. Na Tokyo bado inasema "hakuna mgogoro". Hakuna mgogoro lakini mlinzi analala mpakani na rungu!

Anayeumia ni mvuvi. Wa Ishigaki akitoka na mashua ndogo anafukuzwa na meli yenye ukubwa wa ghorofa, anachoma dizeli anarudi bure. Na dawa mnayo, mmeshaionja: Aprili 10, 2013 Japan na Taiwan walisaini makubaliano ya uvuvi, wakasema suala la nani mwenye visiwa liwekwe pembeni, tuongelee nyavu. Sio kwamba wavuvi wote wa Okinawa walifurahi, walilalamika sana, lakini hakuna aliyefukuzwa kwa bunduki. Na Juni 2008 Tokyo na Beijing wenyewe walikubaliana kuchimba gesi pamoja kwenye hiyo bahari, karatasi ipo mpaka leo, kitalu cha pamoja hakuna.

6. Mbuzi

Msicheke. 1978 kikundi cha wazalendo wa Kijapan kilipeleka mbuzi wawili, dume na jike, kwenye kile kisiwa kikubwa. Mbuzi ni mbuzi, wakazaana wakafika mamia, wakala majani yote, udongo ukaanza kuporomoka. Kisiwani humo kuna aina ya fuko ambaye hayupo sehemu nyingine yoyote duniani, amewahi kukamatwa mmoja tu, 1979. Wanasayansi wameomba miaka mingi waende wakaokoe kilichobaki, haiwezekani, kwa sababu mtu akishuka na kamba ya kufungia mbuzi itakuwa ni kauli ya kisiasa. Kwa hiyo nchi mbili zenye roketi za kwenda mwezini zimeshindwa mbuzi.

Waheshimiwa, mna mafaili mawili. La kwanza ni la historia, na humo Japan ndio yenye kujibu, sioni haya kusema hivyo nikiwa kwenye ardhi yake. La pili ni la bahari, na humo wote mna hoja na wote mna uongo. Nyie mmeyafunga kwa kamba moja. Beijing ikitaka samaki inataja Nanjing, Tokyo ikiulizwa Nanjing inaonyesha meli za China baharini, na hakuna faili linalofunguliwa. Naomba yafuatayo:

(a) Tokyo: mawaziri waache kwenda Yasukuni, wote, hata kutuma sadaka. Maneno ya Murayama yafundishwe kama yalivyo, na silaha za Haerbaling ziwekewe tarehe ya mwisho ambayo haitasogezwa tena.

(b) Beijing: shule za watoto wa Kijapan zilindwe na wanaochochea mtandaoni wachukuliwe hatua hata kama wanachochea upande "sahihi". Nyaraka za vita zifunguliwe kwa watafiti wa nchi zote, na bibi wa machungwa asitumike kama fimbo kila mnapogombana kuhusu samaki au watalii.

(c) Wote: makubaliano ya uvuvi kwa mfano wa 2013, na kile kisiwa cha mbuzi wapelekwe wanabiolojia watatu watatu kutoka kila upande, bila bendera, hata kwa wiki mbili.

(d) Vijana wetu 12 waruhusiwe kwenda, na wa Nanjing waruhusiwe kuja. Tumeambiwa nauli tuliyolipa itashikiliwa mpaka Septemba. Kuna binti mmoja alishajifunza kusema kwa Kichina "nimekuja kusikiliza", anakosea toni ya pili, tunamrekebisha kila Jumamosi.

Nasubiri majibu yenu, na safari hii yawe zaidi ya mistari miwili.

Wenu katika ujenzi wa ujirani,
Mtanzania wa Yokohama

Nakala:
Vijana 12 na wazazi wao
Mzee mwenye nyumba
Bibi wa machungwa, basi la asubuhi, Nanjing
Mbuzi wa kile kisiwa (kwa taarifa)